Meza Iliyopasuka Mwezi wa Nane

Ilikuwa saa nne usiku, watoto wamelala, mimi nasahihisha madaftari ya kidato cha pili kwenye meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Mara nikasikia pa! Nikadhani mtu amerusha jiwe kwenye bati. Nikatoka na tochi, nje kimya. Niliporudi na kuinua madaftari ndipo nikauona: ufa, umeanzia ncha ya meza na kuingia ndani karibu futi moja, umenyooka kuliko mstari wowote ambao wanafunzi wangu wamewahi kuupiga. Meza yenyewe ilikuwa na umri wa miezi mitano. Niliitengeneza mwezi wa tatu, mvua zikinyesha, na kila aliyeingia nyumbani nilimwonyesha, hata kijana aliyekuja kusoma mita ya maji.

Hasira zilinipanda. Nikamlaumu muuza mbao, nikailaumu gundi, kisha nikamwamsha mwanangu wa kiume nimuulize kama alisimama juu ya meza. Maskini ya Mungu, aliniambia "shikamoo mama" akalala tena.

Asubuhi nikaenda kwa mzee mmoja mwenye karakana upande wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini. Mzee huyu humsalimu kila mtu Kinyamwezi, hata akijua huelewi.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo. Meza yangu imepasuka."

Hakuuliza ufa uko wapi. Aliuliza niliitengeneza lini. Nikasema Machi. Akauliza uso wa meza nimeushikizaje chini. Nikamweleza, tena kwa kujivuna kidogo: mikingamo miwili, yaani vipande vya mbao vya kukatiza upana kwa chini, gundi kote, na msumari kila baada ya inchi mbili. Akaiweka randa yake chini.

"Mwalimu, mtu ukimshika mkono huu na mkono huu ukamkaza, naye baridi imempiga anataka kujikunyata, atafanya nini?"

"Atalia."

"Si ulimsikia jana usiku."

Tangu siku ile, kabla ya kununua ubao wowote, huwa nauliza kwanza mwezi. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuishia Aprili hivi, halafu ni jua na upepo mkavu mpaka Oktoba. Mtu mwenye kucha zinazokatika na midomo inayochanika Agosti hana haja ya kuelezwa sana. Ubao nao umo katika hewa hiyo hiyo. Ndani yake ni mirija midogo isiyohesabika, imelala kufuata urefu wa mti kama tita la mabua ya mtama. Hewa ikiwa na unyevu, mirija inanenepa. Hewa ikikauka, inakonda. Tita la mabua yaliyokonda linabaki na urefu ule ule, ila upana wake unapungua. Ndivyo ubao ulivyo: kwa urefu haubadiliki kiasi cha kumsumbua mtu, kesi yote iko kwenye upana.

Meza yangu ilikuwa na mbao tatu za msindano (paina) za inchi 8, nimeziunganisha ubavu kwa ubavu kupata inchi 24. Msindano uliounganishwa wakati wa masika, ukifika Agosti ya Tabora, katika upana huo unaweza kupoteza robo inchi na zaidi. Mikingamo yangu miwili ililala kukatiza upana ule, na mkingamo haupungui kwa urefu wake. Uso wa meza unataka kupungua, mkingamo hautaki, gundi na misumari vinawalazimisha wakae pamoja. Ukachanika ulio dhaifu. Nimefundisha hisabati miaka 12, nimeandika ubaoni mara ngapi sijui kwamba kitu kikiongezeka upande mmoja lazima tuangalie upande wa pili, na sikuwahi kufikiri kwamba ubao wenyewe ninaouandikia nao unaongezeka na kupungua.

Nirudi nyuma kidogo, maana meza haikuwa kazi yangu ya kwanza.

Nilihamishiwa Tabora kutoka Kigoma. Baba watoto alibaki kule kikazi, huja kwa treni akipata nafasi, na vyombo vyetu vingi vilibaki naye kwa sababu gharama ya kuvisafirisha ilitukatisha tamaa. Tukaanza maisha na magodoro mawili, mkeka, ndoo na jiko. Watoto walifanya kazi za shule wamelala kifudifudi. Nikapita kwenye maduka ya samani, nikauliza bei ya kitanda cha futi tatu kwa sita na meza ndogo, nikashukuru, nikaondoka kwa adabu kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kilichonishangaza ni kwamba huu ndio mkoa wa mbao. Toka mjini kuelekea Sikonge, Urambo au Kaliua, ni miombo mpaka jicho lichoke. Watu wa huku walichonga vigoda vya miguu mitatu kutoka gogo moja, bila gundi wala msumari, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Vya machifu vilikuwa na mgongo mrefu uliochongwa humo humo kwenye gogo. Na ile miguu mitatu haikuwa ya urembo: kitu cha miguu mitatu hakiyumbi, hata ukikiweka kwenye sakafu ya udongo yenye mabonde. Cha miguu minne ndicho kinachotaka sakafu ya saruji na fundi mwenye subira. Nimelieleza jambo hili darasani kwenye mada ya nukta tatu na bapa moja, nikaona kwa mara ya kwanza watoto wa nyuma wameinua vichwa.

Basi nikaanza na kigoda. Anayetaka kuanza useremala wa nyumbani namshauri aanze hapo hapo, asianze na kabati. Kigoda kikiharibika umepoteza jioni moja, na hata kikiwa kibaya kitakaliwa tu jikoni.

Hesabu yake nilipenda sana. Nunua ubao mmoja wa moja kwa kumi, futi 12. Hizo ni inchi 144. Kigoda kimoja kinataka kipande cha kukalia cha inchi 14 na vipande viwili vya miguu vya inchi 9 kila kimoja, jumla inchi 32. Vigoda vinne ni inchi 128. Toa inchi moja na nusu hivi inayoliwa na msumeno, unabaki na kipande cha inchi 14 na ushee. Hicho kikate kiwe na urefu wa inchi 11, kisha kipasue kwa urefu mara nne, upate vile vipande vya kukaza katikati ya miguu chini ya kikalio, kila kigoda na chake. Ubao mmoja, vigoda vinne, na kinachobaki kinatosha kuwashia jiko. Muuza mbao mwenyewe atakuambia ni moja kwa kumi lakini ukipima utakuta tisa na kitu. Usigombane naye, ubao ulipimwa ukiwa mbichi na bado haujarandwa.

Hapo kuna kosa moja ambalo nililifanya na sitaki ulirudie. Nilipokata miguu ya kigoda cha pili nilikilaza kipande, ili nyuzi za mti zipite kwa mlalo badala ya kusimama. Nilitaka kuokoa inchi mbili. Mwanangu wa kike alikaa mara mbili, mara ya tatu mguu ukapasuka kama biskuti. Nyuzi za mti kwenye mguu lazima zisimame wima, kama mti wenyewe ulivyosimama. Mtu akisimama juu ya tita la mabua lililosimama, linambeba. Akisimama juu ya lililolala, yanasambaa.

Na misumari: kabla ya kuupiga, ugeuze, ugonge ncha yake kwa nyundo mara moja iwe butu. Nilipoambiwa hivi nilidhani nataniwa. Ncha kali inaingia kama kabari na kuzitenganisha nyuzi, ncha butu inazikata na kuzisukuma mbele yake. Karibu na ncha ya ubao hata butu haitoshi, toboa kwanza kwa kekee yenye sindano nyembamba kuliko msumari.

Vifaa nilivyoanza navyo ni msumeno wa mkono, nyundo, futi, skwea, patasi ya nusu inchi na karatasi tatu za msasa, namba 80, 120 na 220. Randa nilikopa, nikairudisha. Maoni yangu, na najua kuna mafundi watakaonung'unika, ni kwamba anayeanza asijiumize kuranda kwa mkono. Peleka mbao kwenye karakana yenye mashine, wakurandie na kukupasulia vipimo unavyotaka, ulipe kidogo, mengine fanya nyumbani. Kuranda kwa mkono ni kazi ya kujifunza mwaka mzima, na wakati huo watoto wako bado wako kwenye mkeka. Patasi, kwa upande wake, usiikope. Nunua yako na jiwe la kunolea. Patasi butu ndiyo inayokata vidole, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu ambayo hujui itaishia wapi.

Vibanio vya kukaza gundi sina mpaka leo. Ninatumia mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa mkanda mrefu. Tabora ni mji wa baiskeli, mipira chakavu haiuzwi, inaombwa. Unazungusha mkanda ukiuvuta kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko, na ukifika wa sita mbao zimebanana mpaka gundi inatoka pembeni kama uji. Kwa kitu kipana kama uso wa meza, piga vijiti viwili imara sakafuni pande zote mbili, weka mbao katikati, kisha gongea kabari.

Sasa kuhusu ubao wenyewe. Ukisema Tabora unatengeneza kitu, swali la kwanza ni "mninga?" Huku mninga ni heshima. Mtu akikuambia kitanda ni cha mninga, sauti yake hushuka kidogo. Na sifa zake ni za kweli: haupindi ovyo, kupungua kwake ni kudogo, mchwa wanaupita, unarandika vizuri, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi haihitaji kusaidiwa. Ukiukata mti ukiwa hai unatoa utomvu mwekundu kama damu, ndiyo maana wazee wengi wanautumia kwa dawa.

Lakini mimi natengenezea msindano unaokuja na malori kutoka Mufindi na Njombe, na ninao utetezi. Mche wa mninga una tabia ya kufa juu kila kiangazi huku mzizi ukizidi kujijenga chini, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku mzizi utakapokuwa na nguvu ya kusimamisha shina. Baada ya hapo ni miongo kadhaa kabla haujafikia unene wa kupasuliwa mbao. Mti wa namna hiyo sioni haki kuukatia kigoda cha mwanafunzi aliyekosea nyuzi. Msindano umepandwa ukiwa mstari kwa mstari ili ukatwe. Siku ukinunua mninga, nunua penye risiti na mbao zilizogongwa nyundo ya misitu, maana bila karatasi hata kuuhamisha kutoka wilaya moja kwenda nyingine ni kesi. Na ukiupiga msasa, fanya nje na ufunge kitambaa puani. Vumbi lake linawashika kifua watu wengi.

Msindano una ubaya wake pia. Wauzaji wengi wanauza ukiwa mbichi. Uinue: ukiona mzito isivyo kawaida na baridi kwenye kiganja, una maji. Mwingine utakuta umetiwa dawa ya kuzuia wadudu, una rangi ya kijani kijani. Huo ni wa kenchi. Usiulaze mtoto juu yake, usiufanyie meza ya kulia, na vipande vyake usichomee jikoni hata kama vimekauka vizuri, kwa sababu dawa hizo nyingi zina arseniki na moshi wake ni sumu.

Kitanda sasa. Nilikifanya baada ya vigoda, kabla ya meza, na ndicho kilichonipa urafiki na yule mzee. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alinipa maneno yake: miguu ni matendegu, mbao za ubavuni ni mifumbati, upande wa kichwani ni mchago. Zile mbao nyembamba za kulalia godoro kila mtu anazijua, ni chaga. Nilifurahi kupata maneno, nikadhani kazi imekwisha.

Godoro lilikuwa la futi tatu kwa sita, yaani 36 kwa 72. Nikakata mifumbati, nikatoboa matundu kwenye matendegu kwa patasi, nikachonga ndimi kwenye ncha za mifumbati ziingie humo. Ndimi zilikuwa mbaya, lakini ziliingia. Nilipounganisha kila kitu uani, kitanda kikaonekana kama kimekaa vizuri. Godoro ndilo lililonisuta. Kona mbili lilipanda juu ya mbao, kona mbili likaacha nafasi ya vidole viwili.

Nikamwita mzee. Hakupima upande wowote. Alichukua futi, akampa binti yangu ncha ashike kona, akavuta mpaka kona ya mkabala. Inchi 80. Akabadili kona. Inchi 81.

"Kitanda chako kinataka kwenda Urambo," akasema, akaweka goti kwenye ile kona ndefu akasukuma. Ndimi zikalia. Akapima tena: 80 na nusu, 80 na nusu.

Nikakaa chini pale pale uani na chaki. Thelathini na sita kwa nafsi yake ni 1,296. Sabini na mbili kwa nafsi yake ni 5,184. Jumla 6,480, na kipeuo chake cha pili ni 80.5, tofauti haionekani kwa jicho. Pythagoras nimemfundisha kila mwaka kwa pembetatu zilizochorwa, na kitanda cha watoto wangu kimeniyumbia. Mzee hakuwahi kumsikia Pythagoras. Aliuliza kama ni fundi wa wapi.

Tulipatana hivi: hatochukua fedha kwangu, ila mjukuu wake aje Jumamosi nimfundishe sehemu, kwa sababu anajua kusoma futi mpaka nusu na robo lakini kwenye moja ya nane anapotea. Kijana yule sasa anajumlisha tano ya nane na tatu ya kumi na sita haraka kuliko wanafunzi wangu, maana kwake ni kitu anachokiona kwenye futi.

Chaga nilizikata za upana wa inchi 3, 12 kwa idadi, nikaachia inchi 3 kati ya moja na nyingine, inchi moja na nusu inabaki kila mwisho. Nafasi ikizidi hapo godoro la sponji linazama. Sikuzipigilia zote. Zimelala juu ya vipande vya mbili kwa mbili nilivyovifunga kwa skrubu ndani ya mifumbati, na ni ya kwanza, ya kati na ya mwisho tu zenye msumari. Kunguni wakija, na kwenye nyumba za kupanga huja, nazitoa zote dakika tano na kuzianika juani.

Nimalizie habari ya meza. Mzee alinikataza kuitengeneza siku ile. "Ngoja imalize kulia." Nikaing'oa misumari, nikaichanganua, mbao nikazisimamisha ukutani mpaka mwisho wa Septemba. Ufa nikaufuata kwa msumeno mpaka mwisho, nikapata vipande viwili vyenye kingo safi, vikarandwa, vikaunganishwa tena kwa gundi. Meza ikapungua upana, hakuna aliyegundua. Chini nikarudisha mikingamo ile ile, safari hii bila gundi hata tone. Katikati ya kila mkingamo kuna skrubu moja kwenye tundu la kawaida. Hiyo ndiyo inayoshikilia. Zile za pembeni zimepita kwenye matundu marefu, niliyoyafanya kwa kutoboa matundu matatu yaliyopangana na kuyaunganisha kwa patasi, marefu kufuata upande ambao ubao utasogea. Chini ya kichwa cha skrubu kuna washa, ile pete bapa ya chuma. Haikukazwa mpaka mwisho.

Mvua za Novemba zilipoanza nilikuwa napiga magoti kila Jumapili na tochi. Binti yangu aliniuliza kama nasali. Kufikia Februari skrubu za pembeni zilikuwa zimehama kwenye matundu yake, kama milimita mbili kila upande, na meza kimya. Misimu miwili imepita sasa.

Kuna jambo la mawese nililotaka kuliruka, lakini baba watoto amesema nisipoliandika ataliandika yeye. Mama mkwe wangu ni mtu wa Ujiji. Dumu la mawese hutuletea kwa kila msafiri anayekuja Tabora na treni. Alipokuja kututembelea, akaiona meza mbao tupu, akasema kwao mpini wa jembe hupakwa mawese na haupasuki. Sikuweza kumwambia mama hapana. Tukaipaka pamoja, ikang'aa, ikawa na rangi ya machweo ya Ziwa Tanganyika. Ila mawese ni mafuta yasiyokauka. Siku ya pili meza ilikuwa inanata, daftari la kidato cha pili likapata duara la rangi ya chungwa. Siku ya nne wakaja sisimizi. Wiki ya pili ikaanza harufu ambayo sitaieleza. Niliisugua kwa maji moto na sabuni ya magadi, kisha msasa namba 80, tena baada ya mama kuondoka. Ukisoma haya, mama, mpini wa jembe hauwekewi madaftari.

Tulichotumia baadaye kipo Tabora kuliko mahali pengi: nta. Hapa ni nchi ya asali, na warina asali wengi wanashukuru wakipata mtu wa kuchukua nta. Nilichukua sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta ya kitani kutoka duka la rangi, kwa uzito. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu, chini sana ya maji yanayochemka, kwa hiyo bakuli likae juu ya sufuria ya maji ya moto, lisiguse moto wenyewe. Nta iliyoshika moto huizimi kwa maji. Ikipoa inakuwa kama mafuta mazito ya kujipaka. Unapaka kwa kitambaa, unaacha nusu saa, unafuta yote iliyobaki juu, kesho yake unarudia. Vitambaa vilivyotumika vianike kimoja kimoja nje vikauke. Ukivikunja na kuvitupa kwenye kapu, mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na lundo la vitambaa hivyo linaweza kuwaka lenyewe usiku bila kiberiti.

(Neno msasa, kwa wanaopenda maneno, ni jina la mmea wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi walisugulia mbao kabla ya karatasi za dukani.)

Kazi iliyopo sasa ni ya mwembe. Tabora ina miembe kila mtaa, na Novemba iliyopita dhoruba ya mvua za kwanza iliuangusha mmoja nyuma ya nyumba ya jirani. Wengi walitaka mkaa. Mimi niliomba kipande cha shina, akaja kijana mwenye msumeno wa injini akanipasulia mbao sita za inchi moja, futi nne kwenda juu. Mwembe unapendwa na dumuzi kupita kiasi, kwa hiyo nilibandua gome lote siku ile ile, nikazipanga chini ya upenu, fito kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, tofali juu yake zisipinde. Ncha nilizipaka rangi ya mafuta iliyobaki, kwa sababu maji yanakimbilia kutokea nchani na huko ndiko nyufa zinakoanzia.

Wazee husema inchi moja mwaka mmoja. Mimi sina subira ya mwaka, nina mizani. Si yangu, ni ya duka la unga pale kona. Ubao mmoja nimeutia alama, na kila mwezi naubeba begani mpaka dukani naupima. Unaopungua uzito bado unakausha maji yake. Usiopungua umelingana na hewa. Disemba ulikuwa kilo 7 na nusu. Machi, pamoja na mvua zote, kilo 6 na robo. Juni kilo 5. Mwenye duka mwanzoni alidhani nauza, akaniuliza bei. Siku hizi akiniona nakuja na ubao anaondoa gunia kwenye mizani bila kuambiwa.

Julai ilisoma kilo 4 na robo tatu. Jumamosi iliyopita nikaupeleka tena, watoto wananifuata nyuma, mmoja ameshika futi, kwa sababu wameahidiwa rafu ya vitabu. Mwenye duka akainama, akasukuma jiwe la mizani mbele, akalirudisha.

"Nne na robo tatu," akasema. "Haijala wala haijanywa."

Akatoa daftari lake la madeni, akafungua ukurasa wenye jina langu, na chini ya sukari kilo mbili akaandika: ubao, 4¾.